Opereta Aliyetaka Karatasi ya Hakimu: Maisha ya Barnabas Maroa Nyamohanga, 1921–1969

Wasifu huu umesomwa na bintiye wa kwanza, Dolphine Gati, nyumbani kwa marehemu, Kehancha, Jumamosi tarehe 16 Agosti 1969.

Barnabas Maroa Nyamohanga alizaliwa Bukira, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kehancha, mwaka 1921. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama yake, marehemu Susana Robi, alikumbuka tu kwamba ulikuwa wakati wa kupalilia wimbi, na kwamba mtoto alilia kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame. Alikuwa wa pili katika watoto watano. Alibatizwa tarehe 8 Aprili 1934, akalichagua jina la Barnabas mwenyewe kwa sababu, alisema, lilikuwa refu na lilijaza mdomo.

Shule aliianza akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa kuwa ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine. Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la sita, akamaliza mwaka 1938. Hakuwa hodari wa hesabu, lakini hakuna aliyemshinda kusoma kwa sauti. Gazeti lilipofika, hata kama lilikuwa la wiki tatu nyuma, mwalimu alimsimamisha mlangoni awasomee wazee, na neno lake lilisikika mpaka ng'ambo ya uwanja.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka 1941 aliingia jeshini, akafundishwa simu na redio, kisha akapelekwa Burma. Huko alikuwa akipokea habari za vikosi na kuzipitisha bila kuongeza wala kupunguza neno. Alirudi Desemba 1945 akiwa na medali mbili, kikohozi, na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu swali lolote. Tarehe 3 Februari 1947 aliajiriwa na Kampuni ya Simu ya Ziwa Kusini, akawa opereta katika kituo chake cha Homa Bay. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mbele ya swichibodi, akichomeka na kuchomoa kamba, akiwaunganisha watu wa Homa Bay, Sindo, Migori na Kehancha. Wateja wengi hawakuwahi kumwona, lakini walimjua. Wengine wakipiga simu waliuliza kwanza, "Ni Maroa?" ndipo wataje nambari wanayoitaka.

Mke wake pia alimpata kwenye laini. Phelesia Anyango alikuwa karani wa chama cha wavuvi Sindo, na kila asubuhi saa moja alipiga simu kutoa habari za samaki waliovuliwa. Alianza kwa kusema, "Oyawore," yaani umeamkaje, na Barnabas, ambaye hakujua Kijaluo, alidhani kwa siku nyingi kwamba hilo ndilo jina lake. Baada ya miezi minane ya salamu hizo alipanda mashua kwenda Sindo, akaingia ofisini na kofia mkononi, akauliza, "Namtafuta Bi. Oyawore." Walicheka wote isipokuwa yeye. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1949. Jamaa wa pande zote mbili walinung'unika, hawa wakiuliza kwa nini Mjaluo, wale wakiuliza kwa nini Mkuria, mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa. Kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumbani walisema Kiswahili. Ndiyo maana watoto wake hutumia mezani lugha ambayo majirani huitumia sokoni.

Kuna jambo moja ambalo marehemu hakupenda lisahauliwe, ingawa lilimwaibisha. Mwaka 1958, akiwa anaunganisha simu ya hospitali, alichelewa kuondoa kisikilizio sikioni, akamsikia mtu akisema kwamba mtoto wa Helen wa Sindo amefariki. Alimfahamu Helen, mama mjane wa Sindo aliyekuwa akiuza dagaa sokoni Homa Bay, na ambaye mwanawe alikuwa amelazwa. Akaona ni ukatili mama huyo akae bila kujua. Akamwomba mwenzake amshikie kazi, akaenda sokoni mbio, akamwambia. Helen aliangusha karai lake na kugaagaa chini mbele za watu. Alipofika hospitali alimkuta mwanawe ameketi kitandani anakula uji. Aliyefariki alikuwa mtoto wa Helen mwingine. Barnabas alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mkewe, "Mama Dolphine, nilisikia maneno manane nikafikiri najua kila kitu." Tangu hapo alichomoa kisikilizio mara tu pande mbili zilipoitikiana.

Basi Mei 1966, wakati siasa zilipokuwa moto kote Nyanza Kusini, wanaume wawili walifika kituoni kwa gari dogo. Hawakusema wanatoka idara gani. Walizungumza na meneja, Bwana Simeon Odero, kisha meneja akamletea Barnabas orodha ya nambari kumi na moja. Alitakiwa kusikiliza kila simu ya nambari hizo na kuandika yaliyosemwa. Humo mlikuwa na mwalimu, mchungaji, mwenye duka na chama cha wavuvi.

Barnabas aliisoma orodha yote. Kisha akasema, "Nileteeni karatasi ya hakimu."

"Hii ni serikali, Maroa," Bwana Odero akasema.

"Hakimu naye ni serikali. Akiandika kwamba huyu mtu ana kosa la kuchunguzwa, nitasikiliza mpaka masikio yaume. Bila hiyo karatasi, mimi siwezi."

Karatasi haikuja. Tarehe 6 Juni aliondolewa kwenye swichibodi, akapelekwa kwenye kikosi cha nguzo, kupanda na kufunga waya, mtu wa miaka arobaini na mitano. Opereta mwingine alikipokea kiti chake, na orodha pia. Mke wake alikasirika sana. Alimwambia kwamba watoto wanne hawashibi msimamo. Marehemu hakubishana naye. Kila Jumatatu alivaa buti akaenda. Aprili 1967, katika mvua, alianguka kutoka kwenye nguzo karibu na Rongo akavunjika mguu wa kushoto, na mguu huo haukunyooka tena.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yamemfika Mwalimu Jared Omollo wa Migori, ambaye nambari yake ilikuwa kwenye ile orodha. Alikuwa amemwambia rafiki yake kwa simu, "Mizigo imefika, vijana waichukue kabla ya Jumapili." Aliondolewa darasani mbele ya wanafunzi, akakaa kizuizini siku ishirini na tatu. Mizigo ilikuwa kanzu za kwaya. Alipotoka aliishtaki kampuni ya simu kwa kuyatoa maneno yake. Kampuni ikatafuta kinga. Diwani mmoja akaleta hoja katika baraza la wilaya, kwamba Bunge liombwe kutunga sheria ili kampuni yoyote ya simu inayoisaidia serikali isishtakiwe na mtu, hata kwa yale yaliyokwisha kutendeka. Wananchi waliitwa kutoa maoni Homa Bay, Jumamosi tarehe 19 Agosti 1967.

Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Bwana Odero alisema bila kuficha, na wengi walimwonea huruma. "Nikikataa, nafungwa. Nikikubali, nashtakiwa. Sasa nyinyi niambieni, mtu kama mimi afanye nini?"

Kisha akasimama Nyabuto, mdogo wake Barnabas mwenyewe. Mwezi wa Februari wezi walikuwa wameswaga ng'ombe wake thelathini na wanane na kuwavusha mpaka kuingia Tanzania, na ilisemekana wizi huo ulipangwa kwa simu kutoka Migori. Alimtazama kaka yake usoni. "Nyinyi watu wa ziwani mnaongea juu ya siri. Mimi naongea juu ya maziwa ya watoto wangu. Kama mtu angesikiliza ile simu, ng'ombe wangekuwa bomani. Na wewe ndugu yangu ulikuwa na masikio, ukaombwa usikilize, ukayaziba."

Wakuria waliokuwamo wakapiga makofi. Barnabas akainuka kwa fimbo. Alisema kilio cha mdogo wake ni cha kweli, na kwamba naye alikunywa maziwa ya ng'ombe hao. "Lakini ile orodha niliisoma. Hapakuwa na mwizi wa ng'ombe hata mmoja. Anayetaka kuwasikiliza wezi aende kwa hakimu, aseme ni nani na kwa nini. Na kampuni ikioneshwa karatasi hiyo, isishtakiwe. Hapo hata mimi nitaitetea. Lakini mkisema kwamba haishtakiwi hata bila karatasi, nani tena ataomba karatasi?"

Diwani mwenye hoja akamuuliza kwa kejeli, "Wewe mtakatifu, miaka yote hiyo hujawahi kusikiliza?"

Marehemu aliiegemea fimbo yake. Angeweza kusema hapana, kwani waliojua walikuwa wachache. Akasema, "Nilisikiliza. Mara moja." Akaeleza habari ya mtoto wa Helen, mbele ya umati ule, bila kujitetea.

Kumbe Helen alikuwa dirishani, na karai lake kichwani. Akaita kutoka nje, "Huyo mama ni mimi! Mtoto alipona, sasa ni fundi wa viatu hapa Homa Bay. Lakini Maroa alikuja akapiga magoti kwangu akaomba msamaha. Hao waliomsikiliza mwalimu, nani amepiga magoti?"

Madiwani walipopiga kura, hoja ilianguka kwa kura kumi na sita dhidi ya kumi na nne. Haikumaliza ubishi, na mpaka leo wako wanaosema baraza lilikosea. Lakini kesi ya Mwalimu Jared iliendelea, na kabla ya hukumu kampuni ilikubali kuandika barua ya kuomba radhi. Mwalimu aliomba isomwe darasani, mbele ya wanafunzi walewale walioona akichukuliwa. Ikasomwa.

Barnabas hakurudishwa kwenye swichibodi. Alistaafu Januari 1968, akarudi Kehancha kujenga nyumba hii. Nyabuto alikuwa hajamsemesha tangu siku ya baraza. Asubuhi moja alikuja na nyundo yake, akapanda juu ya paa. "Bado nasema ulikosea," akasema kutoka huko juu. Barnabas akamjibu, "Sawa. Hilo bati la kulia limepinda." Walimaliza paa kwa siku nne, wakibishana kutwa.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa Oktoba 1968. Kidonda kwenye ule mguu mbovu kilikataa kupona, na mwezi wa Julai mwaka huu alilazwa hospitali ya Homa Bay. Wauguzi walimtunza vizuri, na familia inawashukuru. Mwalimu Jared alikuja kila Jumapili na kumsomea gazeti, na mgonjwa akamsahihisha matamshi.

Siku mbili kabla ya mwisho alikuja Bwana Simeon Odero. Walikuwa hawajaonana tangu marehemu alipostaafu. Alikaa pembeni ya kitanda akiizungushazungusha kofia yake.

"Maroa," alisema, "mimi niliogopa."

"Mimi pia niliogopa, bwana," marehemu akamjibu. "Hukuniona mikono? Nilikuwa nimeikalia."

Bwana Odero akaangua kicheko, kisha akalia, na Barnabas akamshika mkono mpaka saa ya wageni ilipokwisha. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 1969, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa karibu naye.

Ameacha mjane, Phelesia Anyango. Watoto wanne, Dolphine, Paul, Roseline na Maurice. Ndugu yake Nyabuto na dada wawili. Pamoja na wapwa na majirani wengi wa Kehancha, Sindo na Homa Bay. Bwana Odero ameomba kuwa miongoni mwa wabeba jeneza, na mama yetu amekubali.

Mungu aliyempa sauti ile ampe sasa utulivu wake, na ardhi ya Bukira imlaze salama.