Mrija Niliokuja Nao

Amahoro, ndugu zangu. Nimeambiwa nishuhudie kabla chungu cha pombe hakijafunguliwa. Wengine hushuhudia kwa machozi. Mimi mtanivumilia, hasira haijaniisha.

Huyu mwanangu anayewavuta vitenge hapo chini alikuwa bado kichanga. Kizunguzungu kikanishika, nikatumwa kupima damu, kuona kama imepungua. Kitu cha kawaida. Kituo sikitaji. Naingia, yule wa labo anakula mandazi. Anakula na glavu mikononi, ndugu zangu! Glavu zilezile alizomtolea damu mzee aliyenitangulia. Akachukua ule mpira wa kufunga mkono, akanifunga. Naangalia: una damu. Damu ya mtu, bado mbichi, imelala juu ya ngozi yangu.

"Muganga, huu mpira una damu."

"Kidogo tu hiyo, mama. Kunja ngumi."

Kidogo! Na mimi niliyemaliza sekondari, mwenye mdomo huu mnaoujua, nikakunja ngumi.

Nilipofika nyumbani Carama nikausugua mkono kwa javeli, ile dawa kali ya kufulia, mpaka ngozi ikabanduka. Mpaka leo nikiona mandazi yanakaangwa barabarani natema mate. Koo likiwasha, nasema ni sida, ukimwi wenyewe. Jasho likitoka, sida. Halafu nikafikiria ziwa langu. Nawaambia, mama akianza kuliogopa ziwa lake mwenyewe, amekwisha. Nikamwachisha mtoto. Nikampa maziwa ya ng'ombe yenye maji, yakamharisha, huku yangu nayakamua na kuyamwaga chooni. Mtoto analilia kifua, mimi nageuza uso. Mume wangu nikamwambia yamekauka. Mamamkwe akasema nimerogwa.

Ndipo ikafika siku ya chama chetu hiki. Sisi hapa tunajuana: chungu kimoja, mirija inatoka mdomo huu inaingia mdomo ule, na aliyepika ndiye huonja kwanza, tuone kwamba hakuna sumu. Mimi nikatoa kikombe changu na mrija wangu, vimefungwa kwenye kitambaa, nikaomba nimiminiwe kando. Kichwani mwangu nilikuwa nawakinga ninyi na damu yangu. Ninyi mkasikia kama nasema: hawa ni walozi, watanitilia sumu. Nikamiminiwa, nikanyonya kidogo, nikatoka na kikombe changu, mtoto mgongoni.

Aliyekuwa amepika ni jirani yangu. Yuko hapa, anajijua. Alinifuata mpaka mlangoni.

"We, mi ni mulozi? Nilikupikia uji ulipozaa, ukaulamba mpaka sufuria, leo unaniletea kikombe chako?"

"Apana, dada..."

"Apana nini? Angalia huyu mutoto unayemuua njaa! Miguu imekuwa kama huo mrija wako!"

Hapo nikapasuka. Nikamwambia yote: glavu, mandazi, doa, ziwa. Nilingoja anihurumie, au akimbie. Alininyang'anya kikombe, pombe ilikuwa bado imo, akachukua mrija niliokuwa nimeunyonya, akanywa mpaka ukakoroma.

"Haya. Kama ni sida, sasa tuko wawili. Kesho tunaenda kupima. Vaa viatu vizuri, nataka kugombana na mutu."

Tulikwenda kwa daktari mwingine. Akaniuliza: sindano ilitoka wapi? Tangu siku ile nilikuwa naliona doa tu, sijawahi kuitafuta sindano. Nikaikumbuka. Yule wa labo aliitoa kwenye karatasi yake mpya, karatasi akaipasua kwa meno. Kwa meno, jamani!

Daktari akakunja uso kama mimi. "Umepata uchafu, mama, na una haki ya kukasirika. Lakini sindano ilikuwa mpya, na damu juu ya ngozi isiyo na kidonda haikupi sida. Tutapima leo, tutarudia baadaye. Mtoto mrudishe kwenye ziwa."

Tulipima, tukarudia. Mara zote mbili, hakuna kitu. Mtoto alirudi kwa kisirani, akaning'ata, hasira kama za mama yake. Maziwa yalikuja tone kwa tone, halafu yakamwagika mpaka yakalowesha blauzi. Nililia siku hiyo tu.

Na kule kwa yule wa mandazi tulirudi, mimi na jirani. Nikauinua ule mpira mbele ya foleni nzima. "Nani hapa anataka kufungwa na huu?" Hakuna aliyekubali kukaa kwenye kile kiti. Mkubwa wake akatoka, akautupa mwenyewe.

Jirani, asante. Daktari, huko aliko, asante. Mume wangu, mamamkwe, mlionivumilia, asanteni. Ndugu zangu, ukiona uchafu, sema kabla hujakunja ngumi. Usiufunge mdomo pale, halafu uende kumfungia mtoto ziwa nyumbani.

Mrija wangu niliutia motoni. Chungu cha leo nimekipika mimi. Kifungueni, nionje kwanza.

Nimeonja. Jirani, shika.