Maua Yanayoogopwa na Mbuzi

Teksi ilipotoka Bwera, mama muuza mboga alikuwa akimfundisha mzee aliyekaa naye, mtu asiyemjua: "Maua ya boga pika na karanga. Rozela ni ya presha. Kila maua Mungu aliweka dawa."

"Si kila," mzee akajibu taratibu. "Ile nyeupe inaning'inia kama kengele, tunapandaka kwa mupaka wa shamba sababu mbuzi inaiogopa. Mutu akiikunywa, anaanza kuongea na wafu."

"Mzee, ile inatuliza kikohozi."

"Inatuliza hata pumzi."

Kwenye kiti cha nyuma, abiria mwingine, Mayimuna, alikumbuka maua meupe aliyomchemshia asubuhi mama yake, mjane mwenye kikohozi. Akapiga simu. Iliita ikakatika, akarudia mpaka teksi ikasimama Kinyamaseke, ndipo mama yake akapokea, sauti imejaa furaha.

"Baba yako amerudi," alisema. "Nimemumiminia chai na yeye."