Skwota wa Uso Wake

Benchi la nje ya kinu cha unga cha Gitonga, pale njia ya kiwanda cha majani chai inapokutana na barabara ya Longisa, lina wenyewe. Gitonga huitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi kortini, mara moja. Clifford ni Bando, maana simu yake haikosi intaneti. Wa tatu ni Obiero, au Baba Adongo, mwimbaji anayependwa redioni, na asubuhi hiyo umaarufu ulikuwa umemfika kooni. Kwenye tangazo lililobandikwa ukuta wa kinu alikuwa anatabasamu, chupa ya dawa ya presha mkononi. Jana alibandua picha moja. Leo zilikuwa mbili.

— Hii ni picha ya sherehe ya kiwanda! Nilikuwa nimeshika kikombe ya chai. Wametoa kikombe, wakaweka chupa.

— Lakini umeichekea vizuri, Bando alisema.

— Nilichekea chai!

Wakili alipuliza chai yake ya strungi.

— Shida yako hukuandikisha uso. Uso ni kama ploti. Mwenye aliandikisha kwanza ndiye ako na taitol. Wewe saa hii ni skwota kwa uso yako. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi? Obiero aliuliza.

— Si ni dawa?

— Ni kompyuta, Bando alidakia. Imemeza uso yake, sasa inazaa zingine. Kesho utamwona kwa gunia ya chakula ya ng'ombe. Baba Adongo, ng'oa tu jino ya mbele. Hiyo picha itakuwa ya mtu mwingine.

— Jino yangu? Obiero aligonga benchi, chai ikamwagika. Nimepigia hiyo namba iko kwa tangazo yao mara kumi. Mteja hapatikani!

Ndipo Dorcus, mchumaji wa chai, alipofika akihema. Alitoa kwenye mfuko wa aproni chupa ile ile, imebaki nusu.

— Baba Adongo, samahani. Mama aliwacha tembe za hospitali, sasa wiki mbili anakunywa hii yako. Haijaandikwa kipimo. Wewe hunywa vijiko ngapi?

Bando aliangalia simu. Wakili aliangalia ndani ya kikombe. Obiero aliona aibu, tena ya kosa ambalo si lake.

— Sijawahi kuionja, Dorcus. Arudie tembe.

— Nimemwambia. Anasema Obiero hawezi kudanganya mtu.

— Basi twende anione, nimwambie mwenyewe.

— Tangu jana haoni vizuri.

Obiero alisimama.

— Sauti ataijua. Twende tumpeleke hospitali ya Longisa.

Alipogeuka mara moja barabarani, alimwona Wakili amesimama mbele ya ukuta wa kinu chake, anakwangua picha kwa kucha, bila methali yoyote.