Cheche Kanyimwa Viza

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, limeegemea ukuta wa duka la misumari na rangi, na kila mtu ana pahala pake. Mwanzoni hukaa Wakili, ambaye sheria hakuisoma ila alifagia mahakama miaka kumi na miwili. Katikati ni Dobi, mikono imechujuka kwa sabuni. Mwishoni ni Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno ya kuhesabu. Wiki nzima alikuwa akituaga: karakana kaifunga, sanduku kanunua, anakwenda ng'ambo kwa binti yake wa pekee aliyejifungua. Jumanne ile asubuhi akaja na bahasha, akapokea kahawa yake, asinywe.

— Wamekataa.

— Wamekataa nini? Dobi akauliza.

— Viza.

— Kisa?

— Kile kifungo.

Hakuna aliyeuliza kifungo gani. Sote tulikuwepo mwaka ule Cheche alipomvunja mkono mwenye nyumba wake kwa bomba la chuma, akahukumiwa mwaka na nusu. Sasa ni miaka ishirini na mmoja. Mwenye nyumba mwenyewe alishamsamehe, hata geti lake jipya kalichomelea Cheche.

— Si ulishatumikia? Dobi akapandisha sauti. Umeingia, umetoka, mmemalizana!

— Kamalizana na magereza, Wakili akasema. Faili je? Faili halitoki jela, ndugu yangu. Kifungo kikivuka mwaka mmoja, nchi za watu wanakutazama kwa jicho jingine.

— Wamejuaje?

— Fomu iliuliza, Cheche akasema. Umewahi kutiwa hatiani? Nikaandika ndiyo.

— Ukaandika ndiyo! Dobi akajishika kichwa. Mtu anakuuliza kama wewe ni mbaya, na wewe unaitika abee?

— Angedanganya ingekuwa balaa zaidi, Wakili akasema. Wanataka cheti cha polisi, wanataka vidole vyote kumi. Wakikunasa na uongo, hapo ndipo wanakufungia mlango kabisa.

— Vidole gani? Huyu anashika moto kila siku. Vidole vyake vimekuwa laini kama kijiko, alama itoke wapi?

— Mashine za siku hizi hazisomi ngozi. Zinasoma mfupa.

— Muongo wewe!

— Kuna karani aliniambia. Unaweka mkono kwenye kioo, inatokea mpaka ngumi uliyompiga mwenzako darasa la tatu.

— Basi abadili jina. Aende nchi ya jirani, afuge ndevu, aoe huko, achukue jina la mke.

— Mwanamume achukue jina la mke?

— Kwani jina lina ndevu? Halafu apande meli, aseme ni mpishi. Mpishi haulizwi faili, anaulizwa chumvi.

Tukacheka, mimi nikiwemo, sindano mdomoni. Cheche alikuwa akiikunja bahasha na kuikunjua.

— Mjukuu ana siku arobaini na mbili, akasema. Mama yake binti angekuwa hai, angekwenda yeye. Kule hana mtu. Mumewe anafanya kazi ya zamu, akirudi analala. Jana kanipigia: Baba, umeshakata tiketi? Nikamwambia sikusikii, mtandao mbaya. Nikakata simu. Nilikuwa namsikia vizuri tu.

Kicheko kikatuishia.

— Kuna rufaa, Wakili akasema, safari hii polepole. Unaandika barua, unaeleza ulivyotulia miaka yote hii. Wengine hufikiriwa upya.

— Inachukua muda gani?

— Miezi. Pengine mwaka.

— Mwaka mtoto anatembea, Cheche akasema.

Kwenye kigoda changu alikuwa amekaa mama mmoja mwenye sare ya zahanati, mguu mmoja na kiatu, mwingine juu ya gazeti, akingoja nimshonee kamba ya kiatu iliyokatika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo.

— Samahani kaka yangu, akasema. Huyo binti anajua kwamba ulifungwa?

Dobi akaangalia ndala zake. Cheche akaiweka bahasha mapajani.

— Alikuwa na miaka mitano. Mama yake alimwambia nimekwenda mbali kujenga daraja.

— Daraja gani?

Wakili akageukia barabarani. Maana daraja lile tulilijenga sote. Mtoto alikuwa akipita hapa na mkoba wa shule mgongoni, anasimama, anauliza daraja la baba limefika wapi. Dobi alimtungia mto, mpana, wenye viboko. Wakili akamwambia nguzo ni saba. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia kimebaki kipande kidogo. Cheche alipotoka tukaona uongo umefanya kazi yake, tukauacha hukohuko kichwani mwa mtoto, ukakua naye.

Mama wa zahanati akavaa kiatu chake, akashukuru, akaenda. Wakili akakumbuka kuna mtu anamngoja. Dobi akasema nguo zake zitakuwa zimekauka. Cheche akabaki mwisho wa benchi, nafasi yote ile tupu kando yake.

Alikaa hivyo hata nikamaliza jozi mbili. Kisha akatoa simu, akaitazama, akabonyeza.

— Mwanangu. Hapana, siumwi. Mtoto kalala? Basi kaa chini kwanza.

Nikachukua nyundo, nikaanza kugonga kisigino cha kiatu kizima kisicho na tatizo lolote, nisije nikasikia.