Simu ya Jytte Haiiti

Mzee asiyeona aliyekaa mbele yangu kwenye basi la mjini Aarhus, Denmark, alikuwa akipanga nyuzi za sufu kwa rangi. Kila donge alilielekezea simu, nayo ikamtajia rangi yake.

"Kijivu," simu ilisema.

"Ni buluu hiyo, bwana," alisema mama aliyekaa kando yake. Nilitega sikio, maana kwetu mtu huzungumza na mbwa wa jirani kabla ya jirani mwenyewe. "Mimi Jytte. Tangu nifiwe na mume wangu nimejiandikisha kwenye ile programu ya simu ya kuwasaidia wasioona: wao hupiga, sisi tunaojitolea tunawaangalizia kwa kamera. Simu yangu haijaita hata mara moja."

"Mnaojitolea mko wengi kutushinda, mama. Mmoja wetu akipiga, anapokea aliye mwepesi."

"Pigeni zaidi, basi."

"Nijifanye nimepoteza soksi? Siku hizi simu inaona yenyewe."

"Imeona kijivu."

Mzee akacheka. "Bora ikosee yenyewe kuliko kumsumbua mtu."

"Nani amekwambia nasumbuka? Hata nikioga, simu yangu naiweka kitini, karibu."

Basi liliposimama, Jytte aliaga akashuka. Yalikuwa yamebaki madonge machache. Mzee aliizima simu, akayarudisha mfukoni bila kuiuliza rangi zake.

"Haya utanitajia wewe kesho nikipiga, mama," alisema, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.