Mshale wa Oili wa Bi Semeni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Semeni, mfanyabiashara wa ndizi, mzaliwa wa Mkuyuni, mkazi wa Mafiga hapa mjini. Bi Semeni alifariki Jumanne baada ya kuugua. Amezikwa kwao Mkuyuni. Wenzangu hapa studio wameniomba nitumie sauti ya upole. Nitajaribu. Lakini msiba huu una mambo yaliyonitia kinyaa, na mimi kinyaa sijui kukificha.

Wengi mlimjua kwa chupa yake ya chai. Mlimwona kwenye yadi za malori makuukuu, amekaa kwenye kigoda, anamimina chai, anasubiri injini ipate moto. Wauzaji walimchukia. Walimwita mchawi wa malori. Bi Semeni hakuwa mchawi. Alikuwa anaangalia presha ya oili, basi.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, marehemu Abdulswamad, dereva wa lori la ushirika. Enzi hizo Bi Semeni alikuwa akishuka na ndizi zake kutoka Mkuyuni, amekaa mbele, macho kwenye dashibodi, kwenye mshale wa presha ya oili. Mumewe akimwambia, "Mama Hafidha, injini ya baridi usiiamini. Asubuhi oili ni nzito, mshale utapanda juu hata kama injini imechoka. Ngoja ichemke. Ikiwa silensa, inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, mshale utashuka kidogo. Hiyo ni sawa. Ila usilale chini. Ukikanyaga, mshale upande palepale, utulie. Ukiona unalala, au unatetemeka, au umegota juu saa zote, teremka." Bi Semeni aliyashika maneno hayo kama Alhamdu.

Kisha ikaja ruksa. Biashara huria, kila mtu na chake. Lori la ushirika likafia kwenye nyasi. Bandarini yakaanza kushuka malori yaliyochokwa na wenzetu huko nje, na hapa mjini zikafunguliwa yadi. Tajiri mmoja akafungua yake. Jina lake ninalo. Mwanasheria wa kituo amenikataza kulitaja, kwa hiyo nitamwita tajiri.

Tajiri huyu alikuwa na ufundi wake. Injini iliyokwisha anaijaza oili nzito ya gia. Usiku kucha inalala baridi. Asubuhi mnunuzi anaitwa, ufunguo unazungushwa, mshale unaruka juu. Watu wanapiga makofi! Dua inasomwa, lori linapakwa maji ya mawaridi, mnunuzi anaondoka nalo anacheka. Yale makofi, wasikilizaji wapendwa, ndiyo yananitia kinyaa.

Lori la namna hiyo lilinunuliwa na kikundi cha wachuuzi wa Matombo, nao wakamwajiri Abdulswamad aliendeshe. Hakuwepo siku ya kulinunua. Safari ya kwanza tu alirudi nyumbani amenuna. Bi Semeni alinisimulia mwenyewe. "Aliniambia mshale unalala. Amewaambia wenye gari, wamemjibu kama anaogopa aache ufunguo mezani, madereva wako tele. Nikamwambia baba Hafidha, uache. Akasema, tutakula nini?"

Akarudi barabarani. Kwenye mteremko wa kutoka Matombo oili haikufika kwenye vyuma, injini ikanoki, ikagonga kwa ndani, ikakaza, ikazima. Injini ikizima, upepo wa breki haujazwi tena. Akakanyaga breki mpaka ule uliobaki ukaisha. Lori likaingia korongoni na ndizi zake. Abdulswamad alikufa, na wachuuzi wawili waliokaa juu ya mzigo. Ripoti ikaandikwa uzembe wa dereva. Narudia ili msikie vizuri: uzembe wa dereva. Na tajiri alikuja kuhani, akakaa mkekani, akala pilau, akasema ni bahati mbaya. Mtu mzima na ndevu zake!

Alipotoka eda, Bi Semeni alichukua kigoda na chupa ya chai, akaenda yadi. Hakualikwa. Hakulipwa hata thumuni. Kila aliyemwona anataka kununua alimwambia, "Mwanangu, usipokee gari la asubuhi. Liwashwe, mlipandishe mlima wa Kiroka, mrudi. Halafu tukae tunywe chai, liungurume hapahapa."

Martina, mama mboga wa Mafiga, ndiye anayekumbuka siku tajiri alipoumbuka. "Nilikwenda kwake kununua lori, nilishatoa pesa mfukoni," anasema. "Bi Semeni akachomoa stiki ya oili, akasugua kwa vidole viwili, ikavutika. Akasema, hii siyo oili, huu mlenda. Tukapanda Kiroka, tukarudi. Chai hatujaimaliza, mshale ukalala chali. Tajiri akasema geji ndiyo mbovu. Bi Semeni akamuuliza, geji zako zote huwa mbovu zikipata joto? Kisha akatema mate pale pale mbele ya viatu vyake. Mimi niliona aibu, jamani. Lakini pesa nilirudisha mfukoni."

Martina alipata lori jingine, kwa muuzaji mwingine, baada ya chai ndefu. Mpaka leo linashusha mboga.

Sasa kinyaa chenyewe. Jumatano tuko Mafiga, jeneza limeshatolewa. Linaingia lori limeoshwa linang'aa. Tajiri amejitolea kumsafirisha marehemu na waombolezaji hadi Mkuyuni. Tena amekuja na kipaza sauti! Akamsifu Bi Semeni, eti alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Watu wakaitikia amin. Wakaanza kupanda na watoto wao.

Hafidha, binti wa marehemu, hakupanda nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha lori. Injini ilikuwa inanguruma tangu hotuba inaanza, na ile hotuba haikuwa fupi. Akachungulia dashibodi. Akashuka.

"Mama hapandi hili," alisema. "Na nyie teremkeni."

Mjomba wake akamwambia kwa ukali, "Hafidha, leo ni msiba. Ya mama yako ya yadi tuyaache."

"Shikamoo mjomba. Panda wewe mbele, uuangalie mshale, kisha uniambie nani akae juu."

Mjomba alipanda. Akainama, akauona mshale umelala. Aliposhuka hakumtazama tajiri. Akanyoosha mikono, akaanza kuwapokea watoto wa watu, mmoja mmoja, kuwateremsha chini. Jeneza likapakiwa kwenye lori la Martina, kati ya matenga ya mboga, na waliokosa nafasi wakatafutiwa magari mengine. Bi Semeni akafika kwao salama.

Kwa Hafidha, kwa mjomba, kwa ndugu wote wa Mkuyuni na Mafiga, poleni sana. Mwenyezi Mungu amweke mama yetu pema. Na sisi tuliobaki tujiulize, ni mara ngapi tumepiga makofi kwa sababu tumeonyeshwa asubuhi, na tukaona vibaya kusubiri mpaka chai iishe?

Jana asubuhi nilipita pale yadi kwa tajiri. Lori lile la msibani lipo, limeoshwa tena. Mtu mmoja alikuwa ndani anazungusha ufunguo. Mshale uliruka juu, na wenzake wakapiga makofi.