Ukuta Niliomsingizia Mungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nashukuru mmeitika kwa nguvu, maana sijui kama mtaniitikia hivyo nikimaliza. Nimesimama mahali hapa hapa niliposimama miaka mitatu iliyopita nikawaliza wote, na leo nimekuja kuyafuta yale niliyosema. Naona aibu.

Mnakumbuka mwaka ule tulivyohamia kijijini hapa. Tuliacha makazi yetu kule porini, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara hii ya Usoke. Babu zetu waliipita na mizigo ya misafara vichwani, sisi tukaja na vitanda na kuku. Tukalala kwenye vibanda vya nyasi huku kila mtu akifyatua matofali haraka haraka, tuwahi kabla ya mvua.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kiburi. Shemeji yangu, wa kiwanja cha pili, alikuwa ameshafikisha ukuta kwenye madirisha, na mimi, mzee wa kanisa mzima, bado nakanyaga udongo! Ikaniuma. Nikatangaza mbele za watu kwamba wiki ile ile naezeka. Alikuwepo Fundi Juma, Mwislamu wa Kanyenye kule Tabora mjini, aliyeletwa kutuelekeza ujenzi. Akaokota tofali langu moja, akalivunja. Ndani lilikuwa bado jeusi kwa maji.

"Bwana Yakobo, haya hayajakauka," akaniambia. "Yape jua wiki mbili tatu, la sivyo utakuja kujuta."

Nikamjibu kwamba Mungu wangu atautunza ukuta wangu. Sikieni jibu hilo! Fundi akaniangalia, akasema, "Haya, bwana," akaenda kwa wengine. Nami nikajenga, nikaezeka, nikampita shemeji yangu. Nilifurahi kama mtoto.

Mvua ya nne au ya tano hivi, mchana, nilikuwa shamba la kijiji tukipandikiza miche ya tumbaku. Wakaja kuniita. Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa umeanguka, na mke wangu, Mama Salome, alikuwa ndani anapepeta mtama. Tulimfukua kwa mikono. Alikuwa hai, Mungu ashukuriwe, lakini nyonga ilikuwa imevunjika.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Wakati wanaume wanamlaza kitandani wampeleke barabarani kungoja lori la Tabora, nilikanyaga tofali moja, likabonyea kama unga uliokandwa. Nikajua. Sikubahatisha, nilijua! Na wakati ule ule nikainua mikono juu nikapiga kelele, "Mungu, nimekukosea nini mimi?" Jumapili nikaja hapa nikasema Mungu amenipiga, amemvunja mke wangu, nami nimemtumikia tangu ujana. Mlilia. Mliniletea unga na kuku. Kuku wenu niliwala, ndugu zangu, na siri nikaendelea kuificha.

Baada ya hapo nikaacha kuja ibadani. Nilimlaumu balozi wetu wa nyumba kumi, nikailaumu serikali iliyotuhamisha, lakini wao wangeweza kunijibu. Mungu alikaa kimya, kwa hiyo yeye ndiye niliyemwandama. Akina mama wa maombi walipokuja kumwombea mke wangu aliporudi kutoka hospitali, niliwafukuza mlangoni. Niliwauliza huyo mnayemwomba si ndiye aliyefanya? Mama Agnesi, uko pale, nisamehe. Hukustahili maneno yale.

Kumbe mke wangu alikuwa anasikia, na alikuwa ananiamini.

Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nashona nyasi za paa. Mama Salome alikuwa ndani, hajui kama nipo. Nikamsikia anaomba kwa Kinyamwezi, taratibu. Alikuwa anamwambia Mungu, "Nionyeshe nilichokukosea. Ni kwa sababu nilimjibu mama mkwe vibaya siku ile ya chumvi? Kama ni hilo, nisamehe, usiwapige na watoto." Akaendelea kutaja vitu vidogo vidogo vya tangu usichana wake, kimoja kimoja. Ndipo nikaelewa kwa nini kila Jumatano na Ijumaa alikuwa anasema hana njaa. Alikuwa anafunga! Mwanamke mgonjwa, asiyeweza hata kuchota maji, anajinyima chakula atubu dhambi iliyoangusha ukuta, na dhambi yenyewe imekaa nyuma ya jiko inashona nyasi.

Ee, ndugu zangu! Nililia pale chini mpaka nikakosa pumzi. Nikasema, "Bwana, ni mimi. Si wewe, wala si yeye. Ni mimi!" Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane nilizungumza na Mungu bila kumfokea. Nafsi yangu ikafunguka. Sikuona maono, sikusikia sauti. Nilijikuta tu sina tena mtu wa kushtaki, nikapata raha ya ajabu ndani ya aibu ile.

Nikaingia jikoni, nikapiga magoti, nikamweleza yote, pamoja na tofali alilovunja Fundi Juma. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Mungu hakunikasirikia?" Nikamwambia hapana. Akalia kwa furaha, jamani, mbele yangu mimi niliyemvunja! Halafu hakunisemesha siku tatu. Hasira yake ikaja kwangu, ambako ndiko ilikostahili.

Siku ya nne akasema, "Baba Salome, mimi nimesikia. Lakini kanisani ulisema kwa sauti. Nenda ukaseme kwa sauti." Nikaahidi. Hiyo ni mwaka juzi! Nilirudi ibadani, nikaimba na ninyi, na kila Jumapili nikapata kisingizio. Leo asubuhi ameniambia kwamba nisiposema mimi, atasimama yeye.

Sisemi kwamba kila msiba una mtu aliyeuleta. Wapo hapa waliozika watoto kwa surua, na wala sijui kwa nini. Nikijidai kujua nitakuwa nasema uongo wa pili. Ninyi mliozika, mlilieni Mungu, anawasikia. Nasema na wale wenye jambo wanalolijua moyoni, kama mimi nilivyojua, na bado wanamwonyesha Mungu kidole. Mwaminini, ndugu zangu. Nilimtukana, naye akanitunzia mke, akanitunzia watoto, akanipokea nilipomwendea nimechafuka.

Namshukuru, na namwomba radhi mbele yenu. Na kama uko na jambo la namna hiyo, usingoje kusimama hapa. Nenda leo, kabla hujala, ukamweleze anayehusika. Mimi nilichelewa miezi minane, na muda wote huo mtu asiye na hatia alikuwa akishinda njaa, akitubu kwa ajili yangu.